Fungu la Mlinzi: Historia ya Motisha ya Ulinzi wa Wanyamapori katika Mwambao wa Rumonge, Burundi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya motisha ya ulinzi wa wanyamapori katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, hususan Gatete na maeneo jirani ya Rumonge, Kigwena na Vyanda. Yanapitia biashara ya pembe za ndovu ya karne ya 19, sheria za uwindaji za kikoloni, taasisi za uhifadhi zilizoundwa baada ya mwaka 1980, na kipindi cha vita na urejeo wa wakimbizi. Hoja kuu ni kwamba tatizo la ujangili katika mwambao huu limeeleweka vibaya kila lilipochukuliwa kuwa ni upungufu wa ari ya walinzi na wananchi. Ari hufuata fungu, na fungu hufuata ardhi. Makala yanatumia pia ushahidi wa lugha, kwa kuwa maneno yanayotumiwa Gatete kuhusu msitu, mnyama na mwindaji yamehifadhi historia ambayo nyaraka za serikali hazikuiandika.

Utangulizi

Gatete imo katika tarafa ya Rumonge, kati ya maji ya ziwa na milima ya Vyanda. Ni nchi ya michikichi, mihogo na ndagala. Kirundi ndiyo lugha ya nyumbani kwa walio wengi, lakini Kiswahili kinasikika sokoni, mwaloni, msikitini na katika nyumba za waliozaliwa Tanzania. Nchi hii imezungukwa na mabaki ya misitu ambayo thamani yake ni kubwa kuliko ukubwa wake. Msitu wa Kigwena, usiofika hekta 1,000, ni miongoni mwa mabaki machache ya msitu wa nyanda za chini katika ukingo wa mashariki wa ziwa, na makazi ya kima na nyani. Hifadhi za Rumonge na Vyanda zina miombo, uoto ambao hapa unakaribia mpaka wake wa kaskazini, na ndani yake wamo sokwemtu wa jamii ya mashariki.

Mijadala ya uhifadhi katika kanda hii kwa kawaida huanza na swali hili: mlinzi wa msitu na mwananchi wapewe nini ili wamlinde mnyama? Swali hilo linachukulia kwamba kabla ya motisha hakukuwa na kitu. Historia inaonyesha kinyume chake. Kila utawala uliopita katika mwambao huu uligawa mafungu, na kila utawala ulimwondolea mtu fulani fungu lake. Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa kwanza ni hili: nani alikuwa na fungu katika mnyama na katika msitu, na alilipoteza lini?

Pembe na njia ya Ujiji

Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858, waliukuta mji huo tayari ukiwa kituo cha biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Njia iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora iliishia hapo, na mitumbwi ikaendelea hadi Manyema na kaskazini mwa ziwa. Kiswahili kilifika Rumonge kwa njia hiyohiyo. Katika miaka ya 1880 na mwanzoni mwa miaka ya 1890, Mohamed bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuutumia mwambao huu kama mlango wa kuingilia ufalme wa Burundi, lakini majeshi ya mwami Mwezi Gisabo yalimzuia.

Biashara hiyo ilikuwa ya uharibifu, wala haifai kupambwa. Hata hivyo ilikutana na kanuni za kale zaidi za ugawaji. Katika tawala nyingi za Unyamwezi, tembo alipouawa, pembe iliyogusa ardhi ilikuwa ya mtemi na nyingine ya mwindaji. Nchini Burundi, msitu wa Kibira ulihesabiwa kuwa eneo la mwami la kuwindia. Kanuni hizi hazikuwa za uhifadhi kwa maana ya leo. Zilikuwa za mamlaka, na zilimnufaisha mtawala kuliko mkulima. Lakini zilibeba wazo ambalo sheria za baadaye zililifuta: kwamba mnyama ana uhusiano na ardhi aliyoangukia, na kwamba mwenye ardhi hiyo hawezi kupitwa mgawo unapofanyika.

Bei ya pembe ilipopanda, wazo hilo lilianza kulegea. Mfanyabiashara mwenye bunduki hakuhitaji idhini ya mwenyeji. Hapo ndipo mwambao ulipoona kwa mara ya kwanza mnyama akigeuka bidhaa isiyo na mwenyewe, inayoondoka na kuacha nyuma yake hofu tu.

Mwindaji anageuzwa mkosaji

Mwaka 1896, Hermann von Wissmann, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alitoa kanuni za kudhibiti uwindaji, ikiwamo leseni na maeneo ya akiba. Burundi ilihesabiwa kuwa sehemu ya koloni hilo, ingawa Mwezi Gisabo hakukubali mamlaka ya Wajerumani hadi mkataba wa Kiganda wa mwaka 1903. Katika mwambao wa Rumonge utekelezaji ulikuwa hafifu, lakini msingi ulikwisha kuwekwa. Mnyama alikuwa wa dola, na aliyeweza kulipia leseni aliitwa mwindaji. Asiyeweza aliitwa mkosaji.

Wabelgiji waliitwaa Burundi mwaka 1916. Waliunda Hifadhi ya Taifa ya Albert huko Kongo mwaka 1925 na ya Kagera huko Rwanda mwaka 1934, lakini Burundi ilifikia uhuru tarehe 1 Julai 1962 bila kuwa na hifadhi ya taifa hata moja. Hivyo mlinzi aliyejulikana zaidi hapa alikuwa mlinzi wa msitu, ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia shoka na moto zaidi kuliko kumfuatilia jangili.

Msamiati unalithibitisha hilo. Neno jangili, linalohusishwa na neno la Kihindi lenye maana ya mtu wa porini, lilienea katika Kiswahili cha maeneo yaliyotawaliwa na Waingereza, ambako idara za wanyamapori zilikuwa na nguvu. Kirundi kina kitenzi guhiga, yaani kuwinda, ambacho hakitenganishi uwindaji halali na haramu. Kifaransa cha sheria kilileta neno lake la tatu. Kwa hiyo mzee aliyewinda funo kwa mbwa na wavu alikuwa na jina moja nyumbani, jina jingine mahakamani na jina la tatu mdomoni mwa mfanyabiashara kutoka Kigoma. Semina yoyote inayotafsiri majina hayo matatu kwa neno moja la “ujangili” inafuta tofauti kati ya anayetafuta kitoweo, anayelinda mihogo yake dhidi ya nyani, na anayemuuza mtoto wa sokwemtu. Watu hao watatu hawawezi kuvutwa na motisha moja.

Dola huru na pembe zisizo na tembo

Mwaka 1980 Burundi ilitoa amri ya sheria iliyoanzisha hifadhi za taifa na hifadhi za asili, na ikaunda taasisi ya kuzisimamia. Taasisi hiyo ilipanuliwa mwaka 1989 ikaitwa INECN, na mwaka 2014 majukumu yake yakahamishiwa OBPE, ofisi ya taifa ya kulinda mazingira. Kwa mara ya kwanza mlinzi wa misitu ya Rumonge alikuwa mtumishi wa taasisi yenye dhamana ya viumbe hai.

Lakini katika miaka hiyohiyo Burundi ilikuwa kitovu cha biashara kubwa ya pembe. Nchi ambayo karibu haikuwa tena na tembo wa porini ilisafirisha pembe nyingi kwenda nje, zilizotoka nchi jirani zikiwamo Tanzania na Zaire. Mwaka 1986, chini ya utaratibu wa mkataba wa CITES wa kusajili akiba, karibu tani 90 za pembe zilizokuwa Burundi ziliandikishwa. Biashara hiyo ilipigwa marufuku baada ya Pierre Buyoya kutwaa madaraka Septemba 1987, na mwaka 1988 Burundi ikajiunga na CITES. Marufuku ya kimataifa ilipitishwa Lausanne Oktoba 1989.

Mlinzi wa ngazi ya chini aliona nini katika kipindi hicho? Aliona kwamba mwenye mtego wa waya alikamatwa, na mwenye ghala la mjini alipewa hati. Hakuna mafunzo ya maadili yanayoweza kufidia ushahidi wa namna hiyo. Ari ya mlinzi hutegemea mshahara wake, lakini hutegemea pia imani kwamba sheria anayoisimamia humpata mkubwa kama inavyompata mdogo. Hili ni fungu la mlinzi lisiloandikwa katika bajeti: heshima ya kazi yake.

Biashara ya sokwemtu ilionyesha jambo hilohilo. Wengi wa sokwemtu wachanga waliookolewa Bujumbura walikuwa wamevushwa kutoka Zaire. Taasisi ya Jane Goodall iliwatunza mjini humo, lakini vita vilipozuka wakahamishiwa hifadhi ya Sweetwaters, Ol Pejeta, nchini Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1993. Wanyama walipata pa kukimbilia. Walinzi wa misitu waliobaki hawakuwa na mpango kama huo.

Vita, urejeo na ardhi

Historia ya uhifadhi ya Rumonge haieleweki bila mwaka 1972. Ghasia zilizoanza tarehe 29 Aprili mwaka huo katika mwambao huu, na mauaji makubwa ya ukandamizaji yaliyofuata, yaliwafanya maelfu ya wakazi wakimbilie Tanzania, ambako wengi wao waliishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na, baadaye, Mishamo. Ardhi yao ilichukuliwa na wengine, na sehemu yake ikaingizwa katika upanuzi wa mashamba ya michikichi uliosimamiwa na serikali. Kwa hiyo mfumo wa hifadhi wa mwaka 1980 ulijengwa wakati sehemu kubwa ya waliokuwa na haki ya kuulizwa juu ya mipaka walikuwa ng'ambo ya mpaka.

Kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 kulifungua vita vya zaidi ya muongo mmoja. Misitu, Kibira kwa namna ya pekee, iligeuka njia na maficho ya wapiganaji. Kuvaa sare ya serikali ndani ya msitu kukawa hatari kwa mlinzi, na uangalizi ukadhoofika. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitambua kwamba mkimbizi anayerejea ana haki ya kurudishiwa mali yake au kufidiwa. Tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, iliundwa mwaka 2006. Tanzania ilipowapa wakimbizi wa 1972 hiari ya kuchagua uraia au kurejea, zaidi ya 50,000 walirejea Burundi, wengi wao wakiwa wamezaliwa ugenini. Baadhi yao walipewa makazi katika vijiji vya amani, kikiwamo cha Mutambara, Rumonge.

Mrejeaji aliyefika na kumkuta mtu mwingine juu ya itongo lake, yaani ardhi ya ukoo, alikuwa na njia chache: kesi, subira, au msitu. Kuni, mkaa, nguzo na nyama vilikuwa mali pekee isiyo na mdai aliyesimama mbele yake na hati. Kuliita hilo ukosefu wa elimu ya mazingira ni kukwepa historia. Mtu ambaye haki yake ya ardhi haijaamuliwa hawezi kuombwa awe mlezi wa ardhi ya wote.

Shamba na ishamba

Tofauti moja ya lugha inafaa kuzingatiwa hapa. Katika Kiswahili, shamba ni ardhi iliyolimwa na yenye mwenyewe. Katika Kirundi, ishamba ni msitu au pori. Ardhi inayolimwa huitwa umurima, neno ambalo kwa sikio la Kiswahili linafanana na mlima. Katika jamii yenye lugha hizi mbili, neno moja linaweza kumpeleka msikilizaji pande mbili zinazopingana. Tangazo la “kulinda shamba” linaweza kusikika kama ruhusa ya kuwafukuza nyani kwenye mihogo, au kama wajibu wa kuwaacha msituni.

Jambo hili si la kamusi tu. Mpaka kati ya shamba na ishamba ndio mpaka wenyewe wa mgogoro. Nyani anapovuka kutoka ishamba kuingia shamba, hasara ni ya mkulima peke yake. Mkulima anapovuka kutoka shamba kuingia ishamba, kosa ni lake peke yake. Sheria ya maeneo ya hifadhi ya mwaka 2011 ilifungua nafasi ya wakazi kushiriki katika usimamizi, na hiyo ni hatua ya maana. Lakini sheria imeandikwa kwa Kifaransa, mlinzi huitekeleza kwa Kirundi, na sehemu ya biashara ya mazao ya msitu hufanyika kwa Kiswahili. Ushirikishwaji usiopita katika lugha zote tatu huishia kwa wachache wanaojua kusoma waraka.

Mafunzo kutoka kwa majirani

Nchi jirani zimejaribu njia mbalimbali, na zipo tatu zinazosaidia kupima hali ya Rumonge.

Njia ya kwanza ni nguvu. Oktoba 2013 Tanzania ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili wa tembo. Mwezi uliofuata ilisitishwa kwa sababu ya madai ya mateso, mauaji na uporaji wa mali za wananchi, na Desemba mwaka huo mawaziri wanne walipoteza nyadhifa zao kufuatia ripoti ya kamati ya Bunge. Funzo lake si kwamba doria haifai. Ni kwamba doria inayomdhalilisha jirani humwondolea mlinzi chanzo chake kikuu cha habari.

Njia ya pili ni mgawo wa mapato. Sheria ya Uganda ya mwaka 1996 iliweka asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi kwa ajili ya jamii jirani, na sheria ya mwaka 2019 ikaongeza utaratibu wa fidia kwa madhara ya wanyamapori. Rwanda ilianza na asilimia 5 mwaka 2005, kisha ikapandisha hadi asilimia 10 mwaka 2017. Njia hii inafaa panapokuwa na watalii wa kutosha. Kigwena na Vyanda hazina sokwe wa milimani wala umati wa wageni, na asilimia 20 ya mapato kidogo haimlipii mkulima hata mkungu wa ndizi ulioliwa na nyani. Watunga sera wanaoinakili njia hii bila kuangalia msingi wake watazalisha ahadi, na ahadi isiyotimizwa huharibu zaidi kuliko ukimya.

Njia ya tatu iko karibu zaidi, kwenye ukingo uleule wa ziwa. Gombe, mkoani Kigoma, ilikuwa pori la akiba tangu 1943 na ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Utafiti wa sokwemtu ulioanza huko mwaka 1960 uliipa umaarufu wa dunia, lakini misitu ya vijiji vilivyoizunguka iliendelea kutoweka. Mpango wa TACARE, ulioanzishwa mwaka 1994, ulianza na mahitaji ya wanavijiji wenyewe: kilimo, maji, afya na miti. Baadaye ndipo ulipoingia katika mipango ya matumizi ya ardhi, misitu ya hifadhi ya vijiji na walinzi wanaochaguliwa na vijiji. Utaratibu huo una maana kubwa kwa Gatete: mipaka ya ardhi iliamuliwa pamoja na wakazi, na mlinzi akawa mtu wa kijiji anayewajibika kwa kijiji.

Kwa upande wa walinzi wenyewe, Virunga inatoa onyo. Tarehe 24 Aprili 2020 shambulio moja liliua watu 17, wakiwamo walinzi 12. Hifadhi hiyo imekuwa ikiwasaidia wajane wa walinzi, na jambo hilo linagusa kiini cha motisha. Mlinzi anayejua kwamba familia yake haitatupwa hufanya kazi tofauti na yule anayejua kwamba kifo chake kitaishia katika hotuba.

Hitimisho

Neno motisha katika Kiswahili cha ofisi limekuja kumaanisha kitu kinachotolewa na aliye juu kumpa aliye chini ili afanye anachotakiwa. Hutolewa, na huweza kuondolewa mradi unapokwisha. Fungu ni kitu kingine. Mwenye fungu hulidai, na asipolipata ana pa kulalamikia. Historia ya mwambao wa Rumonge inaonyesha kwamba mnyama amewahi kuwa wa mwami, wa mfanyabiashara, wa koloni na wa dola. Hajawahi kuwekewa utaratibu unaomfanya jirani wa msitu kuwa mdai halali wa manufaa yake. Methali inasema: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Posho ya semina ya mwaka uliopita hailindi msitu mwaka huu.

Kutokana na uchambuzi huu, mambo manne yanastahili kutangulizwa. Kwanza, migogoro ya ardhi ya warejeaji inayopakana na misitu ishughulikiwe kama suala la uhifadhi, si kama faili la wizara nyingine. Pili, walinzi wapatikane kwa wingi kutoka maeneo jirani, wakiwa na mkataba, mshahara unaofika kwa wakati na kinga ya familia zao wanapoumia au kufa. Tatu, fungu la jamii litafutwe katika vitu vilivyopo Rumonge, yaani ajira, miche, haki ya mazao ya msitu yasiyodhuru, na msaada kwenye michikichi na mizinga, badala ya kusubiri watalii. Nne, mipaka, sheria na makubaliano yaelezwe kwa Kirundi na Kiswahili, kwa maneno yanayotofautisha shamba na ishamba, na mwindaji wa kitoweo na mfanyabiashara wa magendo.

Hatua hizi haziondoi haja ya doria. Zinaamua mlinzi anapokwenda doria atakuwa na nani nyuma yake. Kigwena ni msitu mdogo sana kuzungushiwa askari, na umezungukwa na watu wengi mno kulindwa bila wao.